Presha haisikiki mwilini jamani

Huku Mtwara, Mikindani mpaka Newala, wazee wengi wanaamini presha ikipanda utaijua tu, kichwa kitagonga au moyo utaenda mbio, kwa hiyo asipoumwa kichwa anaacha na dawa. Si kweli. Presha mara nyingi inapanda kimyakimya miaka na miaka huku inaharibu moyo, figo na mishipa, kuna watu dalili yao ya kwanza ndo kiharusi chenyewe, na hilo linaniuma sana.

Ndo maana mashine ya kupimia nyumbani ina kazi kubwa, hela za korosho zikiingia mnunulieni bibi moja, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Akae ameegemea dakika 5, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee, kahawa asiwe amekunywa ndani ya nusu saa, apime mara 2 asubuhi na mara 2 jioni alafu mjukuu aandike kwenye daftari. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi, iwe namba ya juu (135) au ya chini (85), daftari liende kliniki. Namba zikiwa nzuri dawa zisiachwe, ndo zimezishusha hizo. Ikisoma 180/120 au zaidi na kifua kinabana au mdomo umeenda upande, msisubiri kukuche, hospitali usiku huohuo.