Transfoma Haigusi Hezi

Wiki hii nimeletewa tena, hapa Mkunazini, mashine ya tepu za rili iliyotoka Marekani, na mwenyewe akanieleza kwa yakini kubwa: "Fundi, tepu zangu za taarab zimevutika kwa uzee, waimbaji wote wamekuwa na sauti nzito." Nilipomwuliza kuhusu umeme alijibu kwa fahari kwamba amenunua transfoma ya kupunguza volti 230 ziwe 120, kwa hiyo upande huo hauna neno. Jawabu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na leo nimeona niliandikie.

Transfoma hubadilisha volti tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani ni wa hezi 60, na mota ya sinkronasi huzunguka kwa kufuata hezi, hata ukiipa volti zake kamili. Kwa hiyo tepu iliyopaswa kupita sentimita 19 kwa sekunde hupita chini ya 16, wimbo wa dakika 5 huchukua dakika 6, na sauti zote hushuka kwa zaidi ya nusutoni tatu. Tepu iliyovutika kweli huyumba pale palipovutika; haiwezi kuteremsha rili nzima kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye vinanda vya sahani za santuri ubishi huwa mkali zaidi, kwa sababu mwenye kinanda huniletea ushahidi. Hunionyesha nukta za ukingoni mwa sinia, zinazomulikwa na kitaa kidogo, na kusema: zimesimama, basi mwendo ni sawa. Bwana wangu, zimesimama kwa sababu kitaa nacho kinawakawaka kwa umeme uleule! Duara la nukta 216 ni la hezi 60. Hapa kwetu litasimama sinia ikizunguka mara 27.8 kwa dakika, badala ya 33 na theluthi. Shahidi na mshitakiwa wamekula sahani moja. Tazama duara la nukta 180, kama lipo, nalo utaliona linateleza.

Mashine zenye mota za kudhibitiwa kielektroniki, kama Revox A77, hazina tatizo hili. Nyingine hutaka puli (kigurudumu cha mota) ya hezi 50, ambayo ni nene zaidi kwa sehemu moja ya tano. Wapo wanaoinenepesha puli ya zamani kwa kuizungushia plasta. Mwendo hupanda, lakini kwa kuwa plasta haikai duara kamili, udi huanza kulia kama mtu mwenye kwikwi.

Kinachonisumbua mimi mwenyewe ni tepu zilizorekodiwa hapahapa kwa mashine kama hizo, kwani kwenye mashine iliyo sahihi hukimbia. Mvumo wa umeme ukisikika ndani ya rekodi, naurudisha kwenye hezi 50 na shauri limekwisha. Usiposikika, sina pa kushika, maana kanuni na udi, vyombo vya nyuzi vya taarab, hutiwa sauti kwa kusikilizana vyenyewe. Ipo moja mezani kwangu sasa: kwa mwendo mmoja mwimbaji ni mama wa makamo, kwa mwingine ni msichana, na mwenye tepu anasema ni shangazi yake, ila hakumbuki siku ile alikuwa na umri gani.