Mafuta hayataisha kama maji mtungini

"Mafuta ya dunia yamebaki ya miaka 40 tu." Kauli hii imerudiwa kwa miongo mingi, na miaka 40 haipungui! Kinachohesabiwa ni akiba iliyothibitishwa, yaani mafuta yanayoweza kuchimbwa kwa faida kwa bei na teknolojia ya leo. Bei ikipanda, akiba huongezeka.

Tena, chini hakuna ziwa la mafuta. Yamejibana kwenye vitundu vidogo vya mwamba, kama maji ndani ya sifongo, na mara nyingi zaidi ya nusu hubaki humohumo kisima kinapofungwa.

Mwaka 1956, mjiolojia M. King Hubbert alikadiria kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kilele kati ya 1965 na 1970. Mwaka 1970 uzalishaji ukafika kilele kweli, kisha ukashuka. Lakini uchimbaji wa kupasua miamba uliupandisha tena, na mwaka 2018 kilele kile kikapitwa.

Kwa hiyo ukomo wa sekta hii huenda usitokane na visima kukauka. Mwaka 2020 Denmark ilisitisha leseni mpya za utafutaji katika Bahari ya Kaskazini na kuamua uchimbaji ukome mwaka 2050, kwa ajili ya tabianchi. Mafuta mengine yatabaki chini.