Nani anaitisha ngoma? Sherehe za jamii nyingi mjini Lubumbashi

Lubumbashi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikuwahi kuwa mji wa kabila moja. Reli iliyotoka kusini ilifika mwaka 1910, mji ulipokuwa ndiyo kwanza unajengwa kwa jina la Élisabethville, na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilitafuta wafanyakazi popote ilipoweza kuwapata: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha maeneo ya Lomami na Kasai humu Kongo, na hata Ruanda-Urundi. Reli ya kwenda Ilebo, bandari ya mto huko Kasai, ilipokamilika mwaka 1928, njia ya kutoka Kasai ikawa nyepesi zaidi. Ukiongeza Wagiriki, Waitaliano, Wahindi na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, utaelewa kwa nini Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya nyumbani, ndicho kilichowawezesha kusikilizana sokoni na kazini.

Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa sherehe, na siku hizi vyama vya vijana, parokia na komini (serikali za sehemu za mji) hutuomba ushauri mara kwa mara kuhusu tamasha la kukutanisha tamaduni. Karibu wote huanza kwa kuuliza idadi ya vikundi vya ngoma vinavyotakiwa. Kwa maoni yetu, swali la kwanza lingekuwa jingine: ni nani anayeitisha ngoma hiyo, na inachezwa mbele ya nani?

Historia ya mji inatoa mifano miwili. Katika sikukuu za kiserikali za wakati wa ukoloni, wachezaji walipangwa kabila kwa kabila mbele ya wakubwa, kila kundi na mavazi yake, nalo likimaliza lilimpisha lingine. Waliocheza hawakupewa nafasi ya kuzungumza wao kwa wao, walitazamwa tu. Lakini wafanyakazi hao hao walikuwa na mbeni yao. Ngoma hiyo ilitoka pwani ya Afrika Mashariki, ikaenezwa na askari na wasafiri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mjini hapa ilikuwa na sare, gwaride na vyeo vya kuigiza vya mfalme, gavana au daktari. Wenye mbeni walichekesha, lakini walisaidiana pia katika ugonjwa na mazishi, jambo lililowatia wasiwasi watawala, ambao hawakupenda kuona Waafrika wakijipangia mambo yao bila idhini. Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, mji wa migodi wa Zambia ya leo, ngoma ya kalela ya miaka ya 1950 ilichezwa na vijana waliovaa nadhifu, wakiimba nyimbo za kuyatania makabila mengine huku watu wa makabila hayo wakisimama pembeni na kucheka. Utani wa aina hiyo huwezekana pale tu ambapo watu wanajuana na hakuna anayemwogopa mwenzake.

Hatuna sababu ya kuipamba historia hii. Mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai, baadhi yao wakiwa wamezaliwa papa hapa, walifukuzwa Katanga, yaani jimbo la mji huu, na siasa ilitumia hoja za asili na mahali pa kuzaliwa kuwatenga majirani. Ngoma kwa hiyo si dawa. Jamii inaweza kucheza pamoja Jumapili, na Jumatatu mmoja akamwita mwenzake mgeni, hasa pale tamasha linapompa kila mtu kibao cha kabila kifuani bila kumpa nafasi nyingine ya kujieleza.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2010, unaziweka jamii zenyewe katika nafasi ya kwanza. Maana yake kwa mwandaaji ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuitekeleza: wenye ngoma waulizwe kabla ya tarehe kutangazwa, na wakikataa, wasilazimishwe kwa posho. Vinyago vya Wachokwe vinavyohusiana na mukanda, yaani jando la wavulana, vina masharti yake, na wazee wanaweza kuonesha kimoja na kukizuia kingine. Miongoni mwa Waluba, kumbukumbu za ufalme zilitunzwa na chama cha Mbudye kwa msaada wa lukasa, ubao wa shanga unaosomwa na aliyefundishwa tu. Wayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi, wana siku yao huko Bunkeya, makao ya ufalme wao, tarehe 20 Desemba, siku aliyouawa mfalme wao Msiri mwaka 1891. Atakayewaalika mjini wiki hiyohiyo asishangae wakikosekana.

Kuna sherehe moja ambayo, tukiulizwa, tungeitaja kabla ya tamasha lolote lenye jukwaa. Tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, familia za makabila yote huenda makaburini asubuhi kulima majani na kusafisha, na mchana hula pamoja na wazazi walio hai. Makaburini watu hukopeshana jembe na maji bila kuulizana wametoka wapi. Komini inayotaka kusaidia inaweza kuanza na barabara za makaburini, maji na usafiri wa wazee, kabla ya kukodi vipaza sauti.

Jukwaa likiwepo hata hivyo, basi lugha yake ifikiriwe. Mara nyingi mtangazaji huzungumza Kifaransa kitupu, na mama mzee kutoka komini ya Katuba aliyecheza kwa nusu saa hashiki hata neno moja la yanayosemwa juu yake. Kipaza sauti apewe yeye kwanza, aeleze kwa Kiswahili cha mji wimbo huo huimbwa lini, kwa ajili ya nani, na nani haruhusiwi kuuimba. Maelezo ya mtaalamu yafuate baadaye, tena yawe mafupi.