Mahali pasipo na kishale

Mradi ulikuwa wa kutuma pesa kwa simu. Ubaoni tulichora visanduku vinne vya hali za muamala, IMEANZA, INASUBIRI, IMEKAMILIKA na IMEREJESHWA, tukaviunganisha kwa vishale. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikaupiga picha ubao, nikaenda zangu.

Mchoro una hila yake: kila anayeutazama huona kile alichokuja nacho kichwani.

Jioni nikaandika sharti moja chini ya ile picha. Kwa kila muamala, kilichotoka kwa mtumaji kiwe sawa na kilichofika kwa mpokeaji, jumlisha kilichorejeshwa, jumlisha kilichoko njiani. Basi. Nikaliingiza pamoja na vishale kwenye Alloy, zana iliyobuniwa na Daniel Jackson na wenzake kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, ya kukagua mifumo ya programu. Alloy haikupi uthibitisho kamili. Inapekua hali zote ndani ya ukubwa ulioupangia, tuseme wateja watatu na miamala miwili, ikitafuta pale sharti linapovunjika.

Ikapapata. Muamala unasubiri, jibu la benki linachelewa, muda unaisha, mtumaji anarudishiwa elfu kumi yake. Kisha jibu linaingia: imefanikiwa. Mpokeaji naye anaongezewa elfu kumi. Ubaoni hapakuwa na kishale kutoka IMEREJESHWA, nasi tukachukulia kwamba pasipo na kishale hapatokei kitu. Benki haijawahi kuuona ubao wetu.

Mwanasayansi wa kompyuta David Harel alionyesha mwaka 1987, kwa michoro yake ya hali, kwamba picha inaweza kuwa na maana kamili kama fomula. Lakini sharti kama lile langu la jumla ya pesa halikai ndani ya kisanduku chochote. Ndiyo maana UML, lugha ya michoro ya kubuni programu, ikaongezewa OCL, lugha ya kuandika masharti kando ya michoro. Skrini na ripoti mimi huziacha kwenye picha tu. Hisabati naiweka penye pesa.

Kilichonifurahisha ni kwamba Alloy huchora kasoro inayoipata. Mama mhasibu asingesoma fomula yangu hata kwa kulipwa, ila picha ile aliifuata kwa kidole hadi mwisho. “Hii isirejeshwe kwanza,” akasema. “Iwekwe pembeni mpaka benki iulizwe.”

Kikazaliwa kisanduku cha tano, INACHUNGUZWA. Nikarudia ukaguzi: kwa wateja watatu, hakuna kasoro. Nikapandisha hadi wanane, nikaenda kutafuta chai.