Si kila bao la lala salama ni bao la dhahabu

Juzi tena, kwenye kibanda umiza, nimemsikia mtangazaji akipaza sauti: "Bao la dhahabu!" Ilikuwa dakika ya 93. Mpira ukarudishwa kati, ukachezwa dakika mbili zaidi, ndipo filimbi ikalia. Bao la dhahabu halirudishi mpira kati, ndugu zangu.

Maana yake ni fupi. Mechi ya mtoano ikiisha sare, timu ziliingia dakika 30 za nyongeza, na aliyetangulia kufunga alikuwa ameshinda. Mchezo uliishia hapo hapo.

Linalopoteza watu ni neno "dhahabu". Kwetu kitu cha dhahabu ni kitu cha thamani, basi kila bao tamu au lililookoa timu linavishwa jina hilo. Lakini jina halikuzaliwa na utamu wa bao. Waingereza walikuwa na msemo wao wa zamani kwa mchezo unaoamuliwa kwa namna hiyo: kifo cha ghafla. FIFA ilipoanza kuitumia kanuni hii mwaka 1993 iliona neno kifo linatia uchungu, ikachagua dhahabu. Jina likapendeza, ila kinachotajwa bado ni kufa kwa mechi. Bao ambalo mechi haikufa nalo si la dhahabu, hata lingefungwa kwa tiktaka.

Anayeifanya maana hii ionekane vizuri kuliko wote, kwangu mimi, ni beki wa Ujerumani Nia Künzer. Alizaliwa Mochudi, Botswana, mwaka 1980, wazazi wake wakifanya kazi za misaada ya maendeleo huko, akakulia Wetzlar, akachezea 1. FFC Frankfurt. Kano ya msalaba ya goti ilimchanika mara nne katika maisha yake ya soka, mara nne! Ndiyo maana mechi zake za timu ya taifa ni 34 tu.

Tarehe 12 Oktoba 2003, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Carson, California. Sweden walitangulia kwa Hanna Ljungberg, Maren Meinert akasawazisha mara tu kipindi cha pili kilipoanza. Künzer aliingia dakika ya 88 akitokea benchi. Dakika ya 98 Renate Lingor akapiga mpira wa adhabu, Künzer akaruka juu ya wote na kuupiga kichwa wavuni. Kwisha. Kwa kanuni za leo Sweden wangekuwa na dakika 22 za kutafuta bao. Hata kwa bao la fedha, lile lililosubiri nusu ya muda wa nyongeza imalizike, wangekuwa na saba. Hawakupata hata moja.

Na hawa Sweden walikuwa wameshaonja. Fainali ya Ulaya ya 2001, mjini Ulm, Claudia Müller wa Ujerumani aliwafunga kwa kanuni hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo ya 98. Inaniuma kwa niaba yao kila ninapoikumbuka.

Kanuni ilifutwa mwaka 2004, kwa hiyo hakuna bao la dhahabu jipya katika mashindano makubwa tangu hapo. La Iniesta wa Hispania katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010, dakika ya 116, si la dhahabu. La Götze wa Ujerumani katika fainali ya mwaka 2014, dakika ya 113, si la dhahabu pia: baada yake Argentina walipata mpira wa adhabu na Messi akaupaisha juu ya lango. Wenzao wa Sweden hawakupewa nafasi ya kupaisha chochote.

Basi la dakika ya 93 tuliite bao la ushindi, au bao la lala salama. Majina hayo ni yetu na yanatosha.