Utumbo wa Nguruwe Hujihudumia Kwanza: Maswali na Majibu Kuhusu Asidi Amino

Nguruwe wangu nawapa soya na dagaa, protini ipo ya kutosha. Mbona wakiachishwa kunyonya wanakonda na kuharisha?

Anayekula kwanza si nyama, ni utumbo wenyewe. Protini ikimeng'enywa huwa asidi amino, na ukuta wa utumbo mwembamba hujikatia fungu lake kabla damu haijafika kwenye ini. Utumbo na viungo jirani vinavyopeleka damu huko ni kama asilimia 5 tu ya uzito wa mnyama, ila hutumia asilimia 20 hadi 35 ya nishati yake. Mpangaji ghali huyo.

Fungu hilo ni kubwa kiasi gani?

Inategemea ni asidi ipi. Miaka ya 1990 huko Houston, Marekani, watafiti akina Peter Reeds na Douglas Burrin waliweka mirija kwenye mshipa unaotoa damu utumboni kwa watoto wa nguruwe, wakalinganisha kilicholiwa na kilichofika kwenye damu. Glutamati, mojawapo ya asidi amino, kama asilimia 95 yake haikuonekana tena: chembe za utumbo zilikuwa zimeichoma kama kuni. Wengi tungedhani kuni hizo ni sukari.

Threonini, asidi amino nyingine, ni habari tofauti. Inaweza kubaki utumboni hata zaidi ya nusu, na sehemu kubwa hutengeneza ute. Kama umewahi kusafisha utumbo wa nguruwe unaujua ule utelezi usiotoka kwa maji matupu. Ndio huo, na ndio unaozuia vijidudu visiguse ukuta. Watoto wa nguruwe wakilishwa kwa dripu badala ya mdomo, mahitaji yao ya threonini hushuka chini ya nusu. Lakini utumbo nao husinyaa.

Kwa hiyo utumbo unachukua tu?

Hapana, hutoa pia. Maziwa ya nguruwe hayana arjinini, nayo ni asidi amino, ya kumtosha mtoto anayekua haraka, basi utumbo hutengeneza asidi amino iitwayo sitrulini, nazo figo huigeuza kuwa arjinini. Sisi binadamu tunafanana nao hapo: madaktari hupima sitrulini kwenye damu ya mtu aliyekatwa utumbo, wajue kilichobaki kinafanya kazi kiasi gani.

Sasa wiki ya kuachisha nifanye nini?

Mtoto akitengwa na mama hugoma kula siku moja au mbili. Ndani ya utumbo kuna vinyuzi vidogo, vimesimama kama manyoya ya taulo, vinavyofyonza chakula. Njaa hiyo huvifupisha. Ukimrundikia protini wakati huo, isiyofyonzwa hushuka utumbo mpana, bakteria wanaiozesha, amonia inazalishwa, kuhara kunaanza. Mpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na maji safi yasikauke.

Pumba za mahindi peke yake hazifai, asidi amino yake iitwayo laisini ni ndogo. Ongeza soya, lakini ikaangwe au ichemshwe kwanza: soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini, hivyo unalipia chakula kinachoishia kwenye kinyesi.

Ukiona damu kwenye kinyesi, au mtoto amelala hataki kuinuka, usibadilishe chakula tena. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.