Dhana potofu kuhusu maji ndani ya majengo

Mteja anayetaka maji kwenye nyumba yake huja na picha kwenye simu: hoteli fulani, bwawa la buluu, taa chini yake. Picha haina ubaridi, haina mvumo, haina harufu. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Maji kwenye jengo ni ya kutazamwa

Vals ni kijiji cha milimani Uswisi. Mwaka 1996 ilifunguliwa hapo nyumba ya kuogea iliyosanifiwa na Peter Zumthor, kuta zake zikiwa za mawe ya papo hapo kijijini, yaliyokatwa membamba na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanga hupenya kwenye nyufa nyembamba za darini. Macho yamepewa kazi ndogo ili ngozi ifanye kubwa: bwawa moja lina maji ya nyuzijoto 42, jingine 14, na mwili ukitoka huku kuingia kule hauhitaji maelezo. Bwawa jingine lina petali za maua zinazoelea. Kipo pia chumba chembamba cha maji ambamo ukivumisha sauti, kuta zinakurudishia.

Granada, Hispania, kwenye bustani za Generalife, iko ngazi ambayo maji hutiririka juu ya kuta zake za pembeni, pale pale mkono unapojishikilia. Ajabu ni kwamba wageni hukimbilia kupiga picha maji yanayoruka na kupindana kwenye ua wa jirani, ambayo ni nyongeza ya karne ya 19.

Pwani yetu nayo ililijua hili. Kwenye misikiti ya kale kama ule mkuu wa Gede, mji wa magofu karibu na Malindi, kando ya birika la kutawadhia yalipachikwa matumbawe ya kusugulia nyayo zilizolowa.

Dhana: Maji yatapoza nyumba

Inategemea unaishi wapi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la karibu megajuli 2.4, sawa na theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Si haba. Lakini mvuke huo unataka hewa yenye nafasi ya kuupokea. Yazd, mji wa jangwani Iran, hewa ni kavu na bwawa la uani husaidia kweli. Dodoma wakati wa kiangazi pia utaona tofauti. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi, jasho lenyewe linagoma kukauka, sembuse maji ya bwawa! Ukiliweka sebuleni utajiongezea unyevu na ukungu ukutani. Kwa pwani, baridi itafute kwenye madirisha yanayopokezana upepo na baraza yenye kivuli, na maji uyaachie sikio na mguu.

Dhana: Lazima yawe mengi

Hapana. Taasisi ya utafiti ya Salk huko California, kazi ya msanifu Louis Kahn iliyokamilika 1965, ina ua mpana wa mawe na mfereji mmoja mwembamba unaoelekea Bahari ya Pasifiki. Unauvuka kwa hatua moja.

Dhana: Maji ya wazi ni mbu tu

Maji yaliyosimama yakasahauliwa, ndiyo. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo maji yanayotembea au yenye kiumbe wa kula viluwiluwi hayampi nafasi. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walifuga samaki wadogo ndani ya birika, na kwenye sakafu yake wakapachika bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Mimi ningeanza na samaki kabla ya dawa. Pampu huzimika umeme ukikatika. Samaki hawajui mgao.

Ukiamua kuweka pampu hata hivyo, tazama mchoro kabla ya kusaini. Kama hauonyeshi fundi atapitisha wapi mkono kusafisha chujio, urudishe.